Paul Sabatier: Mkemia wa mkoani aliyeikataa Paris

Asubuhi za baridi katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Mtabila wilayani Kasulu hadi Kibondo, mawese huganda ndani ya chupa ilhali mafuta ya alizeti yaliyowekwa kando yake hubaki majimaji. Siri ni hidrojeni: molekuli za mawese zimeshiba hidrojeni kuliko za alizeti. Aliyeionyesha dunia njia nyepesi ya kuzishibisha zile zenye njaa ni Mfaransa, Profesa Paul Sabatier.

Sabatier alizaliwa Novemba 5, 1854, mjini Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Alisoma Paris, katika chuo cha École Normale Supérieure, na mwaka 1877 akahitimu akiwa wa kwanza. Baadaye alifanya kazi chini ya Marcellin Berthelot, mkemia mwenye sauti kubwa kuliko wote nchini humo wakati huo, na kupata udaktari mwaka 1880. Miaka miwili baadaye alihamia Toulouse, ambako mwaka 1884 akawa profesa wa kemia. Hakuondoka tena.

Mwaka 1897, yeye na mwenzake, Padri Jean-Baptiste Senderens, walipitisha gesi ya ethilini pamoja na hidrojeni juu ya unga laini wa nikeli uliopashwa moto. Ikatoka ethani, na nikeli haikupungua. Mwaka 1901 waligeuza benzini kuwa saikloheksani, kiyeyushi kinachotumika viwandani hadi leo, na mwaka uliofuata wakapata methani na maji kutokana na hidrojeni na kabonidayoksaidi.

Wataalamu wengi waliamini kuwa metali hufanya kazi kama sifongo, ikizibana gesi katika vitundu vyake mpaka ziungane. Sabatier alikataa. Alisema kichocheo huungana kwa muda mfupi na kile kinachokigusa, kisha hukiachia, mithili ya dalali anayeshika mali ya wengine. Akishika kwa ulegevu, biashara haifanyiki. Aking'ang'ania, mali hailali sokoni wala haimfikii mnunuzi. Wakemia bado wanaitumia kanuni hiyo, nayo imebeba jina lake.

Hata hivyo, fedha zilikwenda kwingine. Sabatier alishughulika na mvuke, akidhani njia yake haifai kwa vimiminika. Mjerumani Wilhelm Normann akaijaribu kwa mafuta yenyewe, yakaganda, na mwaka 1902 akaomba hataza. Kutoka hapo vilizaliwa viwanda vikubwa vya mafuta magumu ya kupikia, na majarini ikapata malighafi mpya ya bei nafuu.

Heshima ilikuja mwaka 1912, Sabatier alipopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Mfaransa mwingine wa mkoani, Victor Grignard. Huyo aligundua kuwa magnesi ikitumbukizwa pamoja na halidi ya kikaboni katika etha isiyo na maji hata kidogo huzaa kemikali inayounganisha kaboni na kaboni. Kiyeyushi hicho ndicho kilichoifanikisha kazi yake. Senderens, aliyesimama karibu na tanuri miaka yote hiyo, hakupata kitu, na dosari hiyo haijafutika katika historia ya tuzo hiyo.

Mwaka 1907, baada ya vifo vya Henri Moissan na Berthelot, Paris ilimwita Sabatier. Alikataa. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwani Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kiliwapokea wakazi wa Paris pekee kama wanachama kamili. Mwaka 1913 kanuni ililegezwa kwa ajili ya wanasayansi wa mikoani, naye akawa wa kwanza kuchaguliwa. Kama mkuu wa kitivo cha sayansi, Toulouse aliijengea taasisi za kemia, umeme na kilimo. Alifariki mjini humo Agosti 14, 1941, akiwa na umri wa miaka 86.

Hakuishi kuona upande wa pili. Miongo kadhaa baadaye watafiti walibaini kuwa mafuta yaliyoshibishwa nusu huwa na aina ya mafuta inayodhuru moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe katika vyakula ifikapo 2023. Viwanda vingi vikageukia mafuta ya mchikichi, ambayo huganda yenyewe bila nikeli.