Daktari Burkitt na uvimbe wa taya na tumbo kwa watoto

Ukisikia saratani ya tumboni huenda unamfikiria mzee. Lakini mama, ipo saratani inayoota tumboni au kwenye taya la mtoto mdogo, na inaitwa kwa jina la daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kulia. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote nne. Wiki chache baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine aliyevimba uso. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe humo pia. Hapo akahisi kwamba vivimbe hivi, ambavyo madaktari walivihesabu kuwa magonjwa mbalimbali, ni ugonjwa mmoja.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakasafiri wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa huu ni wa maeneo ya joto na mvua, nadra kwenye milima mirefu. Ukiishi Kifaru hili halikupi shida kulielewa: kule juu Upareni kuna baridi na mbu wachache, huku tambarare hulali bila chandarua. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto, na kirusi kilichogunduliwa London mwaka 1964, katika sampuli zilizotoka Uganda, hupata nafasi. Kirusi hicho karibu sote tunacho, kwa hiyo usijilaumu, wala usimtafute mchawi.

Burkitt alijaribu dawa, na baadhi ya watoto walipona kabisa. Alifariki mwaka 1993. Leo matibabu ni bora zaidi, ila uvimbe huu hukua haraka mno, hata kwa siku chache unaona tofauti.

Kwa hiyo ukiona taya limevimba, meno yanalegea bila sababu, jicho limetokeza au tumbo linajaa, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo na uombe rufaa, kwa mfano KCMC Moshi. Jino linalolegea hivyo lising'olewe kabla daktari hajamwona.