Mtakatifu Martino wa Tours: Machozi Duniani, Nyimbo Mbinguni

Mkristu anapokata roho, jamaa zake hulia. Na malaika je, hulia pamoja nao ama hushangilia? Maisha ya Mtakatifu Martino yatoa jibu.

Martino alizaliwa yapata mwaka 316 katika mji wa Sabaria, nchi iitwayo leo Hungaria. Baba yake alikuwa askari wa Roma, tena mpagani. Lakini mtoto, alipotimiza miaka 10, alikimbilia kanisani pasipo ridhaa ya wazazi, akaomba kuwa mkatekumeni. Alipofika miaka 15 alitiwa jeshini kwa nguvu.

Siku moja ya baridi kali, penye lango la mji wa Amiens, alikutana na maskini aliye uchi. Akachomoa upanga, akakata joho lake vipande viwili, akampa kimoja. Usiku ule alimwona Kristu katika ndoto, amejifunika kipande kile kile, akiwaarifu malaika ya kuwa Martino, angali mkatekumeni, ndiye aliyemvika. Hivyo malaika walisikia sifa zake hata kabla ya ubatizo.

Alipokwisha kuacha jeshi, akawa mwanafunzi wa Mtakatifu Hilario, askofu wa Poitiers, kisha akaanzisha makao ya wamonaki huko Ligugé. Humo alikaa mkatekumeni mmoja. Martino alipokuwa ametoka kwa siku tatu, mtu huyo alishikwa na homa, akafa bila ubatizo. Martino aliporudi alilia machozi. Kisha akawatoa watu wote chumbani, akafunga mlango, akajilaza juu ya maiti, akasali. Baada ya saa mbili hivi, maiti akafumbua macho. Alibatizwa mara moja. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa amefikishwa mbele ya Hakimu, na malaika wawili wakamkumbusha Hakimu ya kuwa huyu ndiye anayeombewa na Martino. Ndipo wakaamriwa kumrudisha.

Mwaka 371 Martino akafanywa askofu wa Tours. Mwaka 397, naye ni mzee wa miaka 80 hivi, alikwenda parokia ya Candes kupatanisha makleri waliogombana. Alipokwisha kuwapatanisha, nguvu zikamwishia. Wanafunzi wake wakamlilia asiwaache yatima. Mzee naye akatoa machozi, akamwambia Bwana kwamba, ikiwa angali wa lazima kwa watu wake, hakatai kazi. Mapenzi ya Mungu yatimizwe. Alilala juu ya majivu, akakataa kugeuzwa ubavu, kwa maana alitaka kutazama mbingu. Akafa tarehe 8 Novemba.

Watu wa mji wote walitoka kumlaki maiti, pamoja na wamonaki wapata 2000. Sulpicius Severus, rafiki yake aliyeandika habari zake, alisadiki kwamba kumlilia Martino ni haki, na kumfurahia ni haki vilevile. Naye Gregorio, askofu wa Tours miaka 200 hivi baadaye, aliandika mapokeo haya: saa ile ya kufa kwake, Severino, askofu wa Cologne, mji ulio mbali sana, alisikia nyimbo zikiimbwa juu mbinguni. Shemasi wake mkuu hakusikia neno mpaka aliposali. Severino akamweleza kwamba malaika wanampokea Martino kwa nyimbo. Wakatuma mtu Tours, naye akakuta saa ni ile ile.

Basi Candes walilia, na mbinguni waliimba, wala hapana ugomvi kati ya kilio na wimbo. Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, rafiki yake. Naye alifundisha kwamba malaika hufurahi kwa ajili ya mkosefu mmoja anayetubu. Waliofurahi alipotubu watamlakije afikapo nyumbani? Anayelia kwa upendo hakosi. Lakini Martino hakuishia kulia: alifunga mlango, akasali. Machozi ya mkristu yasiyofuatwa na sala kwa ajili ya marehemu ni nusu ya joho tu.

Sikukuu ya Mtakatifu Martino ni tarehe 11 Novemba, siku aliyozikwa.