Mzee wa Mauritius na Sindano ya Ujana

Ukivuka bahari hii yetu kuelekea kusini, ukaipita Ngazija na Bukini, utafika Mauritius. Huko Port Louis alizaliwa mwaka 1817 daktari Charles-Édouard Brown-Séquard. Baba yake, nahodha Mmarekani, alifariki kabla ya kumwona mwanawe. Mama, mwenye asili ya Kifaransa, alimlea kwa kushona nguo.

Kijana alikwenda Paris akitamani kuwa mwandishi. Ikashindikana, akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1846. Mwaka 1854 alikuwa amerudi kwao kipindupindu kilipozuka. Aliwatibu watu, kisha akameza makusudi matapishi ya wagonjwa ajaribu kujiponya kwa afyuni. Nusura afe. Mimi naona wazimu zaidi ya ushujaa, ila watu wa kwao walimtunuku nishani ya dhahabu.

Mwaka 1856 alionyesha kwamba mnyama akiondolewa tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, hufa. Tangu hapo alishikilia kwamba viungo hutia katika damu vitu vinavyoendesha mwili mzima. Leo twaziita homoni. Alifundisha Harvard, na mwaka 1878 akakalia kiti cha Claude Bernard kule Collège de France.

Lakini umri haumwogopi profesa. Alichoka, hakusimama kazini nusu saa ila atafute kiti, na usingizi ukampaa. Tarehe 1 Juni 1889, akiwa na miaka 72, aliwaambia wataalamu wa Paris kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na simbilisi, yule mnyama mfano wa panya asiye na mkia. Akasema sasa apanda ngazi mbio na aandika hadi usiku. (Mbwa, jamani! Hukumu yake twaijua.) Magazeti yakalipuka, na wauzaji wa dawa za ujana wakajaa Ulaya na Marekani. Alipoacha sindano, baada ya majuma machache nguvu zile zikamtoka.

Nimemkumbuka mzee huyu kwa sababu ya Masimba, huko Kisii, nilikokwenda kwa shughuli zangu. Siku ya soko gari lenye kipaza sauti lilikuwa likinadi chupa za nguvu za kiume, sawasawa na yale yanayotupigia kelele Kongowea. Mwenyeji wangu, rika langu, alikuwa keshamaliza chupa tatu. Tulipobaki wawili alinieleza: tangu aachishwe kazi halali, wanawe wakimwona wanatawanyika, na shambani hana hamu ya kwenda. Hayo yote ameyaita upungufu wa nguvu.

Wanaume wengi twafanya hivyo. Sonona kwetu huja na sura ya hasira, uchovu na ukimya, nasi twakimbilia chupa kwa sababu kusema mwili umechoka si aibu, ila kusema moyo umechoka ni aibu.

Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliirudia dawa ya Brown-Séquard kama alivyoitengeneza. Homoni waliyoikuta ndani ilikuwa kidogo mno hata isiweze kufanya kitu. Korodani huitengeneza na kuitoa, hazihifadhi, na tena haiyeyuki vizuri katika maji. Kilichomwinua mzee ni matumaini yake.

Homoni yenyewe, testosteroni, ilipatikana safi mwaka 1935. Wako wanaume waliopungukiwa nayo kweli, na kuwaongezea huwafaa. Lakini upungufu hujulikana kwa kupima damu asubuhi, siku mbili tofauti, pamoja na dalili. Daktari ataangalia pia sukari, na atauliza habari za usingizi na huzuni. Kitambi peke yake huishusha homoni hiyo, na kukipunguza huipandisha. Anayekesha na muguka asitafute mchawi wa uchovu wake. Na anayetaka watoto ajue kwamba testosteroni ya kuongezewa hupunguza mbegu, jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Mwenyeji wangu nilimwambia haya yote, naye akaniuliza jambo moja tu: daktari wa mambo ya moyo kuchoka anapatikana wapi, na je, watu watamwona akiingia?

Brown-Séquard alifariki Paris mwaka 1894. Miaka mitatu kabla yake, daktari Mwingereza George Murray alikuwa amemdunga mwanamke maji ya tezi ya shingo ya kondoo, na huyo akapona kweli, akaishi miaka mingi.