Gor Mahia: Mganga aliyefufuliwa uwanjani

WAINGEREZA huwafufua wafalme wao katika tamthilia. Wajaluo walimfufua Gor, mwana wa Ogada, katika uwanja wa soka.

Gor alikuwa kiongozi na mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, katika Kaunti ya Homa Bay ya sasa. Miujiza inayosimuliwa kumhusu, ikiwemo kujigeuza umbo mbele ya maadui, ilimpa lakabu ya Mahia. Aliaga dunia mwanzoni mwa karne ya 20.

Mnamo 1968 klabu ilitwaa jina lake, na 1987 ikanyakua Kombe la Washindi barani Afrika. Hata hivyo, wengi wanaoliimba jina hilo hawamjui mwenyewe.

Ngome za mawe za Thimlich Ohinga, Migori, zilitambuliwa na Unesco 2018. Masimulizi ya Gor yangali yanawategemea wazee, nao wanazidi kupungua.