Mwana wa mfua nguo aliyeandika hadithi ya nguva

Kila Ijumaa baada ya magharibi wajukuu zangu hujikusanya barazani kunidai hadithi. Juzi zamu ilikuwa ya nguva, nikawasimulia ile ya nguva mdogo aliyempenda mwana wa mfalme. Nilipofika mwisho, mjukuu wangu wa miaka tisa akanikatiza. Ati babu nimekosea, nguva aliolewa, yeye ameona kwa macho yake kwenye filamu. Nikamwambia filamu ni ya Wamarekani, lakini mwenye hadithi hakuimaliza hivyo. Akaniuliza mwenye hadithi ni nani, na kwa nini alikuwa na roho mbaya kiasi hicho.

Swali hilo sikulijibu vizuri usiku ule. Nalijibu leo hapa, maana naona linatuhusu wakubwa kuliko watoto.

Mwenye hadithi ni Hans Christian Andersen. Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1805 katika mji wa Odense, kwenye kisiwa cha Fyn, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mshona viatu na mama yake alifulia watu nguo, akisimama mtoni kwenye maji ya baridi kali ya nchi zile. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, na humo humo baba alishonea viatu. Babu mzaa baba alirukwa na akili. Watoto wa mjini walimfuata njiani wakimzomea, na mjukuu akijificha kwa sababu alijua kuwa ile ni damu yake.

Umasikini huo ulikuwa na hadithi ndani yake. Baba yule hakusoma sana shuleni lakini alipenda vitabu, na jioni alimsomea mwanawe Alfu Lela Ulela, hadithi zile zile ambazo wazee wetu wa mwambao walizipenda. Bibi yake naye alikuwa akitunza bustani ya hospitali ya mji, mahali walipowekwa masikini na wagonjwa wa akili. Kijana alikuwa akienda huko kukaa na vikongwe waliokuwa wakisokota nyuzi, nao wakimsimulia ngano za mazimwi na za watu waliorogwa. Mimi nikisoma hayo namkumbuka bibi yangu na ushupatu wake mkononi, akitutisha kwamba chunusi atatuvuta miguu tukiogelea jua likizama.

Baba alikwenda vitani, akarudi mgonjwa, akafa mwaka 1816. Miaka mitatu baadaye Hans, akiwa na miaka 14 tu, alifunga kifurushi chake akaenda Copenhagen peke yake. Alitaka kuwa mwimbaji, au mcheza dansi, au mwigizaji, chochote mradi jukwaani. Alibisha hodi kwa mcheza dansi mmoja mashuhuri, akavua viatu, akamchezea sebuleni na soksi zake, na bibi yule akadhani mtoto ana wazimu. Alipata nafasi ya kufunzwa kuimba, kisha sauti ikavunjika kwa kubaleghe. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana pua kubwa, na nguo hazikumtosha. Popote alipoingia watu walimcheka.

Mtu mmoja hakumcheka. Jonas Collin, mmoja wa wakuu wa jumba la michezo la mfalme, aliona kitu ndani ya yule kijana na akamwombea kwa mfalme alipiwe masomo. Mwaka 1822 akapelekwa shule katika mji wa Slagelse. Alikuwa na miaka 17, akakalishwa darasani na watoto wa miaka 11.

Mwalimu mkuu wa shule ile, Simon Meisling, alikuwa msomi hodari na mtu mkali wa ulimi. Alimdhihaki mbele ya wenzake na kumkataza kuandika mashairi. Kijana alipoandika shairi kuhusu mtoto anayekata roho, mwalimu alilidharau. Shairi lile lilichapishwa na likapendwa hata nje ya Denmark. Mpaka uzeeni Andersen alikuwa akiota ndoto mbaya za mwalimu huyo.

Hapa, wasomaji wangu, nina deni la kulipa. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi insha ya safari niliyosafiri. Kijana mmoja, mtoto wa mvuvi, aliandika kwamba alishuka chini ya bahari akamkuta baba yake kwenye jumba la nguva, akiwashonea nyavu, na nguva wamemkataza kurudi mpaka amalize. Mimi nilitaka safari ya basi au ya gari la moshi. Nilipitisha wino mwekundu, nikaandika kuwa ni uongo, na nikaisoma mbele ya darasa. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba baba yule alitoka na mtumbwi wakati wa kusi na hakurudi. Tangu siku hiyo insha za kijana zilikuwa fupi, safi, na hazina kitu ndani. Sikumtaka radhi. Nilijiambia kazi yangu ni sarufi.

Andersen alinusurika na Meisling kwa sababu Collin alimwondoa pale. Alifaulu mtihani wake mwaka 1828, akaandika, akasafiri mpaka Italia, na mwaka 1835 akatoa kijitabu chake cha kwanza cha hadithi za watoto. Wahakiki hawakufurahi. Walisema lugha yake ni ya barazani, kama mtu anayeongea, na kwamba hadithi hazina funzo la kumwadibu mtoto. Yeye akaendelea vivyo hivyo, kama vikongwe wa hospitali walivyomsimulia. Mwaka 1837 akaitoa ya nguva.

Hadithi yenyewe ndiyo hii. Nguva huishi miaka 300, kisha hugeuka povu la bahari. Huyu mdogo anamwokoa mwana wa mfalme merikebu ikizama, anampenda, anakwenda kwa mchawi wa baharini kutafuta miguu. Bei yake ni ulimi wake. Anapata miguu, lakini kila hatua anahisi kama anakanyaga visu, na hawezi kumwambia mwana wa mfalme kuwa ni yeye aliyemwokoa. Mwana wa mfalme anaoa mwingine. Dada zake nguva wanakata nywele zao wanunue kisu: amuue yule bwana, apate mkia wake na kurudi nyumbani. Anamtazama akiwa amelala na bibi harusi wake, anakitupa kisu baharini, na yeye mwenyewe anajitupa majini. Hapo anachukuliwa na roho za hewani, na anapewa nafasi ya kuipata roho isiyokufa kwa kutenda wema.

Andersen hakuwa na roho mbaya. Aliandika alichokijua. Hakuoa maisha yake yote. Alimpenda Riborg Voigt, akakuta tayari ana mchumba. Alimpenda mwimbaji wa Uswidi Jenny Lind, akaambulia kuitwa ndugu. Hata alipokuwa mashuhuri aliingia kwenye nyumba za wakubwa kama mtu asiye na uhakika na miguu yake. Alikwenda kwa Charles Dickens Uingereza mwaka 1857 kwa wiki mbili, akakaa tano, na Dickens hakumpa jembe lakini baadaye aliacha kumwandikia. Alisafiri na kamba sandukuni akihofia moto hotelini, apate kushukia dirishani.

Mwaka 1867 mji wa Odense ulimpa heshima ya raia mkuu na ukawashwa taa kwa ajili yake, mtoto wa mfua nguo. Mama yake hakuona. Alikufa mwaka 1833. Andersen alifariki tarehe 4 Agosti 1875, na kifuani kwake kulikutwa kifuko chenye barua ya zamani ya Riborg. Alipoonyeshwa michoro ya sanamu yake iliyozungukwa na watoto alikasirika, kwani aliona kuwa hadithi zake ni za wakubwa pia. Siku yake ya kuzaliwa leo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, na sanamu ya nguva wake imekaa juu ya mwamba bandarini Copenhagen tangu mwaka 1913.

Na nguva wetu je? Nguva wa kweli, mnyama anayekula nyasi za baharini, sasa ni adimu mno katika maji yetu. Nguva wa hadithi anaondoka na vikongwe wetu, mmoja mmoja, na tunaomba wajukuu waende kwenye filamu kumtafuta. Bibi yangu alikuwa na hadithi saba za chunusi. Nazikumbuka mbili na nusu.

Nimemjibu mjukuu wangu kwamba yule mzee alikuwa mpole, na kwamba mwisho ule ulikuwa wake kuutoa. Nimemnunulia daftari aandike wa kwake. Yule kijana wa insha ni mtu mzima sasa, namwona mara moja moja akishuka kwenye feri pale Likoni. Nikimwona tena sitageuza uso. Nitamtaka radhi, kisha nitamwomba, kama bado anakumbuka, anisimulie baba yake alimaliza nyavu ngapi.