Mjue J. K. Starley, mzee wa baiskeli ya cheni moja

Leo nawaletea historia ya jamaa ambaye wengi hatumjui kwa jina, ila kazi yake tunaipanda kila siku. Ni John Kemp Starley, Mwingereza.

Kwanini yeye? Kuna kipindi nilikuwa napeleka maziwa Mwanza mjini kwa Phoenix ya mzee. Nikaona soo, nikanunua ya mtumba yenye gia 18. Siku moja ya mvua matope yakajaa kwenye kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, kikaingia kwenye spoku, kwisha habari. Mafundi watatu, hakuna mwenye spea. Maziwa yakaharibika na mteja wangu mkubwa nikampoteza. Hapo ndio nikataka kumjua mtu wa cheni moja.

Starley alizaliwa mwaka 1854 huko Walthamstow, karibu na London, mtoto wa mtunza bustani. Mwaka 1872 akaenda Coventry kufanya kazi kwa ndugu wa baba yake, James Starley, fundi maarufu wa baiskeli.

Baiskeli za enzi hizo zilikuwa kituko. Gurudumu la mbele kubwa kama la mkokoteni, la nyuma dogo. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu la mbele lenyewe, kwahiyo ukizungusha mguu mara moja na gurudumu linazunguka mara moja. Ukitaka mwendo lazima gurudumu liwe kubwa. Ukigonga jiwe, unatangulia kichwa!

Starley akaungana na William Sutton, wakafungua kampuni. Mwaka 1885 akatoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu yanayokaribiana ukubwa, cheni inavuta la nyuma. Meno ya mbele yakiwa mara mbili ya yale ya nyuma, mguu ukizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara mbili. Basi, hakuna tena haja ya gurudumu refu. Tusidanganyane, si yeye wa kwanza kutumia cheni. Henry Lawson alishafanya hivyo mwaka 1879, ila yake haikushika soko. Ya Starley ndiyo iliyoshika, na mwaka 1888 Dunlop alipoleta tairi za upepo mambo yakakamilika.

Mwaka huohuo wa 1888 alijaribu hata baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu! Mwaka 1896 kampuni ikawa Rover Cycle Company. Oktoba 1901 akafariki ghafla, akiwa na miaka 46 tu. Hakuiona kampuni yake ikitengeneza magari mwaka 1904, wala Land Rover mwaka 1948. Ndiyo, zile Land Rover za ma-DC wa zamani, ukoo wake ni baiskeli! Na Poland mpaka leo baiskeli inaitwa "rower", kutokana na jina hilohilo.

Mimi nilirudi kwa Phoenix ya mzee. Cheni moja, oili kidogo, spana moja, na fundi yeyote chini ya mti anaijua. Sisemi gia ni mbaya, mwenye lami na spea atumie. Ila kwa anayetafuta riziki kwenye vumbi na matope, kitu chenye vipande vichache kina vichache vya kuharibika. Starley alilimaliza hilo mwaka 1885.

Haya wadau, nyie mnaendesha ipi? Tupieni maoni hapo chini.