Abu Bakr ar-Razi, Tabibu wa Rayy

Katika nyumba zetu homa ina jina moja. Mtu akitetemeka jioni, jirani wa kwanza kuingia husema ni malaria, wa pili husema ni jicho, na kabla ya isha dawa imekwisha nunuliwa dukani na kombe limekwisha andikwa, na hapana hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Kwa hiyo tumeona bora safari hii tuwaletee ndugu zetu habari za mtu ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ni kuuliza.

Huyo ni Muhammad bin Zakariya, Abu Bakr, aliyezaliwa mwaka 251 wa Hijra, yaani 865 wa Miladi, katika mji wa Rayy, karibu na ulipo Tehran leo. Wazungu humwita Rhazes. Utabibu aliuingia akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, akafika kuwa mkuu wa hospitali ya Rayy na kisha Baghdad. Husimuliwa sana kwamba alitundika vipande vya nyama pande zote za Baghdad ili ajue pahali penye hewa safi pa kujenga hospitali ya al-Adudi. Hadithi ni tamu, lakini hospitali hiyo ilijengwa zaidi ya miaka 50 baada ya kufa kwake.

Tunalolipokea ni namna alivyokuwa akifundisha. Alikaa na wanafunzi wake wamemzunguka, na nyuma yao wanafunzi wa wale, na nyuma yao wengine. Mgonjwa alieleza hali yake kwa wa nje kwanza. Wakishindwa, hupelekwa kwa wa ndani yao, na wote wakishindwa ndipo shekhe mwenyewe husema. Maskini aliwatibu bila ya kuwatoza kitu.

Kitabu chake kilichoenea sana ni kile cha ndui na surua. Alieleza dalili za kila moja kwa namna ya kumwezesha tabibu kuzitenga: maumivu ya mgongo huzidi katika ndui, na kichefuchefu na fadhaa huzidi katika surua. Hakujua kwamba maradhi haya huambukizwa kwa vijidudu; alidhani ni damu inayochemka mwilini, na katika hilo alikosea. Lakini macho yake hayakukosea. Wala asidhani msomaji kwamba kutenga huko ni jambo jepesi. Mwezi wa Oktoba 1977, huko Marka, pwani ya Somalia, mpishi wa hospitali alishikwa na homa. Kwanza akatibiwa malaria, kisha vipele vilipotoka ikasemwa ni tetekuwanga, na kumbe ni ndui. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba maradhi hayo yamekwisha.

Sisi lakini twapenda zaidi habari ya mgonjwa mmoja, Abdallah bin Sawada, ambayo ar-Razi aliiandika mwenyewe. Bwana huyu alikuwa na homa zilizochanganyika: mara huja kila siku, mara siku ya tatu, mara siku ya nne, mara ya sita. Hutanguliwa na kitetemeko kidogo, naye akienda haja ndogo mara nyingi. Ar-Razi akasema ni moja katika mawili: ama homa hizi zitageuka kuwa ya siku ya nne, ama figo zina jipu. Haukupita muda ila mgonjwa akatoa mkojo wenye usaha. Hapo tabibu akamwambia kwamba homa haitarudi tena, na haikurudi. Akampa dawa za kuongeza mkojo mpaka usaha ukaisha, kisha dawa nyingine, na ubani ukiwamo, na kwa muda wa kama miezi miwili akapona.

Tabibu mwingine angeishia hapo na kupokea shukurani. Ar-Razi akaketi kuandika kwa nini hakuwa na yakini tangu mwanzo. Mgonjwa alikuwa amewahi kupata homa za vipindi hapo nyuma, na jambo hilo lilimvuta upande mwingine. Mgonjwa hakulalamika kwamba akisimama huhisi uzito viunoni, na yeye tabibu akasahau kumuuliza. Wala hakuwa akijua kwamba baba wa mgonjwa naye alikuwa na udhaifu wa kibofu. Mtu aliyepatia aliandika upungufu wake ili wanafunzi wauone.

Maandishi kama haya, yakiwa mengi mno, yalikusanywa baada ya kufa kwake yakaitwa al-Hawi. Mwaka 1279 yalifasiriwa Kilatini kwa amri ya mfalme wa Sicily, Charles wa Anjou.

Katika falsafa alisema maneno juu ya unabii ambayo wanazuoni waliyapinga vikali, nasi twayapinga. Dawa zake hao hao hawakuziacha.

Mwishoni macho yake yaliingia maji. Husimuliwa kwamba alipokuja mtu wa kumpasua, alimuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule hakujua, naye akakataa kuguswa. Alikufa Rayy hali ya kuwa kipofu, mwezi wa Shaaban mwaka 313, yaani 925.